Herufi Kumi na Mbili

Waliniletea orodha kwa simu, si kwa karatasi:
majina sita, majaketi sita ya kijani,
uzi wa njano, herufi kubwa, mgongoni,
yanatakiwa Ijumaa kabla ya saa sita.
Bwana Saturnino wa Shirikisho ana mdomo wa asali
na mkono wa birika.
Malipo, alisema, baada ya mashindano.

Nikashona. Hapa El Alto baridi hung'ata hata chuma,
asubuhi naipasha cherehani moto kwa pumzi
kama mtu anayeamsha mtoto.
La kwanza lilikuwa la mpiga ndondi, jina fupi, POMA,
nikalimaliza kabla chai haijapoa.
La sita likanitoa jasho:
CHOQUEHUANCA.
Herufi kumi na mbili, bega hadi bega.
Benita, yule anayetembea.

Namjua. Nani hamjui?
Jua halijatoka, kando ya barabara ya uwanja wa ndege,
kiuno kikicheza, viwiko vikikata hewa,
watoto nyuma yake wakimwigiza bata,
malori yakimpigia honi.
Anashindana kutembea. Ndiyo, kutembea:
mguu mmoja lazima uguse ardhi kila wakati,
ukiruka kidogo tu mwamuzi anakuonyesha kibao chekundu,
vikifika vitatu unatolewa.
Mchezo gani huo, nilimuuliza mume wangu,
wa kukimbia bila kukimbia?
Akasema, mbona hayo ndiyo maisha yetu,
ila wenzetu wanapewa medali.

Alhamisi jioni simu ikalia.
Jina moja limebadilika, jambo dogo tu.
Jumapili kule Cochabamba msichana mwingine
amemzidi sekunde nne.
Nne! Kwa macho yangu ya sasa
hazitoshi kutunga uzi kwenye sindano.
Na kiti cha ndege ni kimoja.
Andika LIMACHI.

Ijumaa, wembe mkononi,
nimefumua C, nimefumua H,
mlango ukafunguka.
Benita, na sketi ya mama yake iliyoachia pindo.
Nikalikalia jaketi. Mtu mzima mimi, nikaatamia kama kuku.
"Eti wewe ndiye unayeshona ya timu?
Langu tayari? Nilione tu, sitaligusa."
Walikuwa hawajamwambia.
Nami ni nani, fundi wa mapindo na zipu,
hata nimpe habari ambayo wenye suti wameikimbia?
Nikasema: Bado. Rudi kesho.
Akalipia sketi papo hapo, pesa yote,
akatoka akitembea kama watu wengine.

Rudi kesho. Miaka thelathini nawaambia wateja hivyo
na halijawahi kunikwama kooni.

Sindano ipitapo, uzi hufuata;
lakini uzi ukishatoka, njia ya sindano haizibiki.
Nilipiga pasi, nikanyunyiza maji, nikasugua kwa ukucha.
Herufi saba hazifuniki kumi na mbili.
Kila upande wa LIMACHI vikabaki vitundu,
vitundu vidogo vilivyopangana
kama nyayo za ndege juu ya chumvi.

Usiku wa mbio tulikesha mbele ya televisheni,
blanketi moja, mtangazaji akipayuka.
Yhoselin alionekana mara moja, wa ishirini na moja,
binti wa watu, uso umekunjamana kwa maumivu.
Simlaumu. Zile sekunde alizichuma kwa miguu yake.
Mwishoni akavaa jaketi, akaipa kamera mgongo.
Limachi, mume wangu akasoma.
Mimi nilisoma yote mawili.

Sketi ingali rafuni, pindo nimelishona mara mbili.
Hajaja kuichukua.
Ila alfajiri, kabla sijainuka, nasikia malori
yakipiga honi huko barabarani, moja, halafu jingine,
na kutokana na honi najua amefika wapi.